Kubadilisha piesi za kinga ao kubadilisha kichwa cha mwenye kuiendesha?

Hapa Fungurume kinga, ile wengine wanaita baiskeli, inasaidia watu wengi: muchuuzi wa makala, mufanyakazi anayeingia kazi asubuhi, mwanafunzi, na vijana wanaopanda vilima siku ya yenga. Kwa wale vijana, ulizo moja linarudi kila mara kwa fundi: nitafute piesi mupya ili niendeshe muzuri zaidi, ao shida iko ndani yangu mwenyewe? Ulizo lile linagusa mufuko. Na kwenye barabara ya Likasi–Kolwezi, fasi makamyo ya madini yanapita, linagusa uzima pia.

Tuanze na piesi. Mbili hazina mabishano: freni na mipira. Kama waya ya freni imeanza kukatika nyuzi, kama vipande vya mpira vya freni vimeisha, kama mupira wa gurudumu umekuwa laini sawa kiganja, badilisha leo. Wakati wa mvua udongo wetu mwekundu unateleza, na freni zenye kufinya rimu zikilowana zinachelewa kushika. Hata mutu wa roho nguvu namna gani hasimamishi kinga bila freni.

Kisha zile mbili, hesabu inabadilika. Kijana wa kilo 65 juu ya kinga ya kilo 14, jumla ni kilo 79. Akinunua usukani mupya unaopunguza gramu 200, amepunguza karibu sehemu 1 juu ya 400. Chupa ya maji ya nusu lita peke yake inaongeza gramu 500. Ni kusema amelipa bei kali, na kwenye kilima hatasikia tofauti.

Sasa tuangalie kichwa. Mutu anayeshuka kilima na woga anafanya mambo matatu. Anakazia macho lile jiwe analoogopa, na kinga inafwata macho. Anashika freni kwa nguvu ndani ya kona, wakati mipira iko tayari na kazi ya kugeuka, basi anateleza. Tena anakaza mikono na mabega, kila jiwe linamutikisa mwili mzima. Hakuna piesi inayoponya mambo hayo. Dawa ni kuangalia mbele, metre 5 mpaka 10, fasi unataka kupita, kupunguza mwendo mbele ya kona, kulegeza viwiko, na kurudisha matako nyuma kwenye mushuko mukali. Kisha rudilia mushuko ule ule, pole pole, mara kumi. Woga inapungua kwa sababu mwili umekwisha kujua njia.

Ndugu zetu wa Goma wanatuonyesha jambo hilo kila siku na chukudu. Ile ni ya mbao: haina pedali, haina munyororo, haina vitesi. Freni yake ni kipande cha mpira ambacho muendeshaji anakanyaga juu ya gurudumu la nyuma. Lakini wanashuka nayo kutoka milimani na mizigo mizito ya viazi, kabeji na makala. Wanajua ni wapi waanze kupunguza mwendo, na ni wapi wateremuke na kuisukuma.

Mfano mwingine ni Adrien Niyonshuti wa Rwanda. Alizaliwa mwaka wa 1987, na mauaji ya kimbari ya 1994 yalimunyang'anya ndugu zake wengi. Mwaka wa 2012 alibeba bendera ya inchi yake kwenye michezo ya Olimpiki ya London, na akashindana katika mbio za kinga za milimani. Katika mbio zile, mwenye kuachwa nyuma sana anaondolewa njiani. Yeye alimaliza, nafasi ya 39. Mbele kabisa, Jaroslav Kulhavý wa Czech alimushinda Nino Schurter wa Uswisi kwa sekunde 1 tu. Pale kila mutu alikuwa na kinga ya bei kali. Kilichobaki kuwatenganisha ni miguu, mazoezi, na kujua ni wakati gani wa kutoa nguvu ya mwisho.

Lakini tuelewane: kufundisha kichwa si kufukuza woga yote. Kuna woga inayokuokoa. Wakati wa kiangazi, kamyo ikipita, vumbi inafunika barabara, na dereva wa ile inayofwata hakuoni. Toka barabarani, simama, acha vumbi itulie. Muchuuzi wa makala anashuka na kusukuma kinga yake kwenye mushuko, na hakuna anayemucheka. Kijana anayetaka kushindana na kamyo ili asionekane muoga, huyo ndiye kichwa chake kinaomba matengenezo.

Basi, mbele ya kutoa franka zako, jiulize mambo matatu. Piesi hii imeharibika? Ikibaki hivi inaweza kuniangusha? Nimefanya mazoezi ya kutosha na ile niko nayo? Kama jibu ni ndiyo kwa moja ya yale mawili ya kwanza, nenda kwa fundi leo. Kama ni hapana kwa la tatu, weka pesa kwanza, vaa kaske, urudi kwenye kilima.