Saratani ya Damu Haiambukizi

Shangazi yangu anaugua lukemia sugu ya mieloidi. Majirani wengine wanaogopa ati hata kikombe chake! Hebu niwaeleze.

Ugonjwa huu huanzia ndani ya seli moja ya uboho wa mifupa. Kromosomu ya 9 na ya 22 hukatika, kisha zikabadilishana vipande. Jeni mbili huungana na kutengeneza protini inayoiamuru seli izaane bila kikomo. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinibu, kidonge kinachoiziba protini hiyohiyo, kama kijiti ndani ya kufuli.

Shangazi humeza chake kila siku, na shamba analima. Akikiacha bila idhini ya daktari, ugonjwa waweza kurudi. Kuambukiza? Hasha! Basi mtembeleeni, chai ipo.