Kiti cha Mlimani

Atakayezitazama njia za Matiri, katika vilima vya Mbinga, jinsi zinavyopanda na kuteremka, na jinsi mvua inavyozigeuza kuwa utelezi mtupu, hatastaajabu kwamba kiti cha magurudumu kilichobuniwa kwa ajili ya sakafu ya hospitali humkomesha mwenyewe mlangoni pake. Wala si insafu kuilaumu miguu ya mtu huyo, ilhali dosari imo katika ala aliyopewa.

Katika nchi za theluji ala hiyo ilifikiriwa upya tangu msingi: magurudumu yakaondolewa, ukawekwa ubao mmoja mwembamba wa kutelezea, na juu yake kiti kilichofinyangwa kwa kipimo cha mwili wa mkaaji, kikamshika nyonga na mapaja, naye akafungwa mikanda barabara, kwani asiyeweza kutumia miguu hukigeuza chombo kwa kuinamisha kiwiliwili, na kiti kikimpwaya hata kwa unene wa kidole, mwinamo huo hupotea kabla ya kuufikia ubao. Chini ya kiti huwa shokapu, mithili ya ile ya pikipiki, na mikononi huwa magongo mafupi yenye vibao nchani, ya kumtegemeza.

Chris Waddell, Mmarekani aliyepooza kwa ajali ya kuteleza kwenye theluji mwaka 1988, alijipatia kwa chombo hicho medali 12 za Paralimpiki ya majira ya baridi. Na mwezi Septemba 2009 akaja kwetu Tanzania, akaupanda Kilimanjaro hadi kileleni, mita 5,895, kwa gari la magurudumu manne aliloliendesha kwa nguvu za mikono. Penye majabali wapagazi walimbeba masafa mafupi, nami sioni kwamba hilo linampunguzia fahari hata chembe, maana wapandao mlima ule aghalabu hutegemea mabega ya wapagazi.

Lakini kwa mkulima wa kahawa wa Mbinga, chenye manufaa zaidi ni kiti cha Amos Winter wa chuo cha MIT, aliyefika Tanzania mwaka 2005 kuchunguza hali ya viti vya magurudumu, kisha yeye na wenzake wakaunda kiti cha magurudumu matatu kinachoendeshwa kwa nyenzo mbili na mnyororo wa baiskeli: wenzo ukishikwa juu hutoa nguvu ya kupandia, ukishikwa chini hutoa mwendo, ukivutwa nyuma breki hushika. Gurudumu la tatu, lililotangulia mbele, hukizuia kisipinduke penye mashimo. Na kwa kuwa viungo vyake vinavyozunguka ni vya baiskeli, kikiharibika fundi baiskeli wa kijijini aweza kukitengeneza, bila kungoja kipuri kutoka ng'ambo.