Chuo cha jangwani kilichomnoa Nyambui

Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani Mara, alipotwaa medali ya fedha ya mita 5,000 kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alikuwa bado mwanafunzi. Chuo chake, University of Texas at El Paso (UTEP), ni cha umma na kiko jangwani, ng'ambo tu ya mto kutoka mji wa Ciudad Juárez, Mexico.

Kilianza mwaka 1914 kikiwa shule ya serikali ya uchimbaji madini, ndiyo maana timu zake hadi leo huitwa Miners. Moto ulipounguza jengo kuu mwaka 1916, chuo kilihama na kujenga upya kwa mtindo wa Bhutan. Kathleen Worrell, mke wa mkuu wa chuo, alikuwa ameziona picha za nchi hiyo katika jarida la National Geographic akavutiwa nazo. Jina la sasa lilikuja mwaka 1967.

Uhandisi na jiolojia ndiyo mizizi yake, na tangu 2018 kimo katika daraja la juu la vyuo vya utafiti Marekani. Wanafunzi wengi wana asili ya Mexico, na wapo wanaovuka daraja la mpakani kwenda darasani. Diana Natalicio, aliyekiongoza kuanzia 1988 hadi 2019, alishikilia kwamba ubora wa utafiti hauhitaji kuwafungia mlango watoto wa wanyonge.

Mlango huo ulianza kufunguka zamani. Mwaka 1955 chuo kilianza kupokea wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza, wakati ubaguzi ukiwa bado umeshamiri kusini mwa Marekani. Mwaka 1966 kocha Don Haskins aliingiza wachezaji watano weusi kuanza fainali ya taifa ya mpira wa kikapu. Kentucky, iliyokuwa na wazungu watupu, ililala kwa pointi 72 kwa 65.

Kwenye riadha, kocha Ted Banks alitupa macho Afrika. Nyambui alitwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Mtanzania mwenzake Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978, naye alikimbia huko. Makocha wa vyuo vingine walinung'unika kwamba wageni hao ni watu wazima wanaoshindanishwa na vijana. Njia haikufungwa: Mkenya Emmanuel Korir, bingwa wa Olimpiki wa mita 800 huko Tokyo, alipitia UTEP chini ya Paul Ereng, Mkenya aliyeshinda mbio hizo hizo mwaka 1988.

UTEP hakikuwa na ukwasi wala jina la kugombea vijana na vyuo vikubwa. Kiliwafuata wale ambao wengine hawakuwataka au hawakuwaona, na hao ndio waliokijengea jina.