Nyasi za Ufukweni: Kinga ya Asili Ndani ya Mita 60

Na Mwandishi Wetu

Mwananchi anapoandaa kiwanja kando ya bahari, mara nyingi kazi ya kwanza huwa kung'oa nyasi zilizoota juu ya mchanga. Huzihesabu kuwa magugu, ilhali ndizo zinazoishikilia ardhi anayokusudia kuijenga.

Miongoni mwa nyasi hizo ni ile ijulikanayo kitaalamu kama Halopyrum mucronatum. Ni nyasi ya asili inayodumu mwaka hadi mwaka bila kupandwa upya. Huota katika mwambao wa Bahari ya Hindi, kuanzia Msumbiji, Tanzania na Kenya hadi Uarabuni, Pakistan, India na Sri Lanka. Majani yake ni magumu na huvumilia chumvi. Mashina yake hutambaa juu ya mchanga, na pingili zinazogusa mchanga huota mizizi na kutoa machipukizi mapya.

Pepo za Kusi na Kaskazi zinapovuma, hupeperusha mchanga mkavu kutoka ufukweni. Upepo ukikutana na majani ya nyasi hupungua kasi na kuuangusha mchanga huo. Nyasi ikifunikwa haifi, bali huchipua juu zaidi na kunasa mchanga mwingine. Hivyo ndivyo matuta ya mchanga yanavyojengeka.

Matuta hayo ni akiba ya ufukwe. Wakati wa bamvua au dhoruba, mawimbi huyamega na kuupeleka mchanga kwenye kina kifupi cha bahari. Bahari ikitulia, mawimbi madogo huurudisha ufukweni, na upepo huupandisha hadi kwenye nyasi. Nyasi zikiondolewa, hakuna cha kuupokea, na kila dhoruba hukuta tuta likiwa dogo kuliko awali.

Hata hivyo, nyasi pekee hazitoshi pale mchanga unapokosekana. Katika ufukwe wa Kunduchi, Dar es Salaam, bahari imekula ardhi na majengo kwa miaka mingi. Wataalamu wameutaja uchimbaji wa mchanga katika mito inayoulisha ufukwe huo kuwa miongoni mwa sababu. Mahali pengine nchini, ikiwemo Barabara ya Barack Obama jijini humo, imebidi kujenga ukuta kuzuia mawimbi. Kazi hiyo hugharimu fedha za umma, wakati tuta lenye nyasi hujijenga na kujikarabati lenyewe.

Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu, au zile zinazoweza kuathiri uhifadhi wa fukwe, ndani ya mita 60 kutoka kingo za bahari, maziwa na mito. Ukanda huo ndio makazi ya nyasi hizi. Kuuacha wazi lakini ukiwa umefyekwa ni kuitii sheria nusu.

Wananchi waishio pwani wanakumbushwa kutofyeka, kutochoma na kutolisha mifugo juu ya matuta. Kutumia njia moja ya kuteremkia ufukweni badala ya kukanyaga kila mahali. Na kutochota mchanga wa ujenzi ufukweni. Mwenye kushuhudia uharibifu atoe taarifa kwa uongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, au kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), kabla tuta halijamegeka.