Jua Moja, Kazi Mbili: Kupasha Maji na Kufua Umeme

Juu ya mapaa ya nyumba za Kaloleni, jijini Arusha, kama ilivyo katika miji mingine ya Afrika Mashariki, huweza kuonekana vyombo viwili vinavyotegemea jua. Kimoja ni kisanduku bapa chenye kioo, kilichounganishwa kwa mabomba na tangi la maji. Cha pili ni paneli nyeusi au ya buluu nzito, ambayo hutokwa na nyaya badala ya mabomba. Kwa kuwa vyote viwili huitwa "sola", wengi hudhani kwamba kimoja chaweza kushika nafasi ya kingine. Dhana hiyo huwapotezea watu fedha nyingi.

Chombo cha kupashia maji hufanya kazi kwa joto. Ndani ya kisanduku mna bamba la shaba au alumini lililopakwa rangi nyeusi, ambayo hufyonza mionzi ya jua na kuigeuza kuwa joto. Kioo huruhusu mwanga upenye, lakini huzuia joto lisitoroke upesi. Maji yaliyo katika mabomba ya bamba yapatapo moto hutanuka, yakawa mepesi, yakapanda hadi tangini. Yale ya baridi, yaliyo mazito zaidi, hushuka na kushika mahali pake. Ndiyo sababu tangi huwekwa juu kuliko kisanduku, na mzunguko huo hauhitaji pampu. Maarifa haya si mageni: Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya chombo cha kupashia maji kwa jua mwaka 1891.

Paneli ya umeme, kwa upande wake, haitumii joto bali mwanga. Seli zake hutengenezwa kwa silikoni, elementi inayopatikana katika mchanga. Mwanga hufika kama vifurushi vidogo mno vya nishati. Kifurushi chenye nguvu ya kutosha kikiingia katika silikoni huiachisha elektroni mahali pake, na mwendo wa elektroni hizo katika waya ndio umeme. Mfaransa Edmond Becquerel aligundua mwaka 1839 kwamba mwanga huweza kuzaa umeme. Lakini seli ya silikoni iliyofaa kwa matumizi ilionyeshwa na maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1954. Seli hiyo iligeuza kiasi cha asilimia 6 tu ya nishati ya jua kuwa umeme. Paneli nyingi za siku hizi hugeuza asilimia 20 hivi. Ajabu ni kwamba joto, ambalo ndilo tunu ya chombo cha kwanza, ni adui wa paneli: kadiri inavyopata moto, ndivyo umeme wake unavyopungua.

Tofauti hiyo huonekana vema katika hesabu. Kupasha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 za Sentigredi huhitaji kilojuli 16,800, yaani karibu yuniti 4.7 za umeme. Jua likitoa yuniti 5 kwa siku katika kila meta ya mraba, kisanduku kinachotumia nusu ya nishati hiyo chatosha kikiwa na meta 2 za mraba. Paneli za umeme zingehitaji karibu meta 5 za mraba kwa kazi hiyo hiyo.

Tatizo huzidi nishati inapotunzwa katika betri. Betri ya volti 12 na saa-ampea 100 hubeba yuniti 1.2, nayo ikiwa ya risasi na asidi, si vema kutumia zaidi ya nusu. Hita ya wati 1,000 itaimaliza nusu hiyo kwa muda wa dakika 36 tu, na maji yatakuwa vuguvugu. Lakini zile yuniti 4.7 za kupasha maji zingewasha taa ya wati 10 kwa saa 470! Umeme wa paneli, basi, ni wa taa, redio, simu na friji ya chanjo. Wala maji ya moto hayawezi kuwasha taa hizo.

Aidha, umeme husafiri mbali. Kituo cha umeme wa jua cha Garissa, Kenya, chenye megawati 50 hivi, kilizinduliwa mwaka 2019 ili kulisha gridi ya taifa. Maji ya moto hupoa njiani. Hufaa yatumiwe pale pale yalipopashwa. Kwa kutambua hilo, Kenya ilitoa kanuni mwaka 2012 zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yawe na vyombo vya kupashia maji kwa jua.

Kwa wakazi wa miteremko ya Meru kuna tahadhari moja. Maji ya sehemu nyingi za huko yana floridi nyingi kutokana na miamba ya volkano, na floridi hiyo huharibu meno na mifupa. Kupasha maji, hata kuyachemsha, hakuiondoi.

Wanafunzi waweza kulithibitisha jambo moja kwa makopo mawili yaliyo sawa, moja limepakwa masizi na jingine likiachwa ling'ae. Yajazwe maji kwa kipimo kimoja, yafunikwe kwa kioo na kuanikwa juani kwa saa mbili. Kisha kipimajoto kitaeleza ni kwa nini bamba la kupashia maji hupakwa rangi nyeusi.