Kaisari wa Handel na Kaizari wa Mwalimu: jamaa mmoja, hadithi mbili

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo. Nataka tuongelee opera. Ndiyo, opera, ile unayoiona kwenye katuni, mama mnene anaimba mpaka glasi inapasuka. Usifunge ukurasa kwanza, hela yako ya saa haitapotea bure.

Naanza na jina, maana jina mnalijua tayari. Kaisari. Kanisani umelisikia, kwenye ile habari ya sarafu na kodi. Mababu zetu nao walitawaliwa naye bila kujua, kwani mfalme wa Wajerumani waliotawala huku mpaka Vita ya Kwanza ya Dunia aliitwa Kaiser, na hilo neno Kaiser ni hilohilo jina la Caesar wa Roma. Halafu njia ya tatu ni Mwalimu Nyerere, ambaye mwenyewe aliitwa Julius, aliyemleta Julius Caesar kwa Kiswahili. Huyo nitamrudia.

JAMAA MWENYEWE NI NANI
Julius Caesar alikuwa jenerali wa Roma. Alipigana na jenerali mwenzake, Pompey, akamshinda, akashika nchi peke yake. Mwaka 44 KK akatangazwa mtawala wa maisha. Tarehe 15 Machi mwaka huohuo maseneta wakamchoma visu mchana kweupe. Hapo katikati, mwaka 48 KK, alimfukuza Pompey mpaka Misri, na huko akakutana na Kleopatra.

Hicho kipande cha Misri ndicho kilichotungiwa opera. Mtunzi ni George Frideric Handel. Alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685. Akaenda Italia kijana mdogo kujifunza kazi, kisha akahamia London, akapata uraia wa Uingereza mwaka 1727 na kufia hukohuko mwaka 1759. Kipindi chake wataalamu wanakiita Baroko, kama kuanzia mwaka 1600 mpaka 1750, na muziki wake ulikuwa na madoido mengi.

Opera yenyewe inaitwa Giulio Cesare in Egitto, yaani Julius Caesar nchini Misri. Ilipanda jukwaani mara ya kwanza tarehe 20 Februari 1724, King's Theatre, London. Ikapiga shoo 13 msimu ule. Kwa wakati ule hiyo ni hiti.

Sasa angalia hapo: Mjerumani, yuko Uingereza, anatunga kwa Kitaliano, hadithi ya Mroma aliyeko Afrika. Kolabo ya nguvu!

STORI YENYEWE
Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yote yanaimbwa. Stori iko hivi. Kaisari anatua Misri. Mfalme kijana wa Misri, Ptolemy, ambaye ni kaka wa Kleopatra, anataka kujipendekeza, basi anamtumia zawadi: kichwa cha Pompey. Kaisari badala ya kufurahi anachukia sana. Mke wa Pompey, Cornelia, na mtoto wake Sesto wanaapa kulipiza kisasi.

Kleopatra naye anataka kiti cha kaka yake. Anajifanya mtumishi, anajiita Lidia, anamtega Kaisari. Jamaa anaingia mzima mzima. Baadaye wauaji wanamfuata Kaisari, anajitosa baharini, watu wanadhani amekufa. Kleopatra anakamatwa na kaka yake. Kaisari anaibuka hai, Sesto anamuua Ptolemy, Kleopatra anavishwa taji, wote wanaimba kwa furaha. Mwisho.

KWA NINI WANARUDIA RUDIA
Ukisikiliza mara ya kwanza utasema hawa watu mbona wanarudia mstari uleule mara kumi? Kuna sababu. Stori inasogea kwenye sehemu za kuongea kwa kuimba, harakaharaka, ala chache tu. Halafu kila jambo kubwa likitokea, stori inasimama na mhusika anaimba wimbo kamili kueleza moyo wake. Wimbo huo una sehemu tatu. Ya kwanza ina hisia moja. Ya pili inageuka. Ya tatu ni ile ya kwanza imerudi, lakini safari hii mwimbaji anaongeza madoido yake. Wapenzi wa taarabu mtaelewa haraka: maneno ni yaleyale, ila namna anavyoyarudia ndiyo inayofanya watu wainuke kwenda kutuza.

Mfano mzuri uko sehemu ya tatu ya mchezo. Kleopatra yuko kifungoni, analia polepole, sauti na nyuzi za vinanda. Ghafla muziki unakimbia: anaapa kwamba akifa, mzimu wake utamsumbua huyo kaka mchana na usiku. Halafu kilio kinarudi. Sasa kile kilio cha pili hakisikiki kama cha kwanza, maana umeshajua ndani yake kuna hasira. Hiyo ndiyo kazi ya kurudia.

Mfano wa pili ni Kaisari akiwa mbele ya Ptolemy. Anajua anategewa mtego, basi anaimba kuhusu mwindaji anayenyatia kimya. Nyuma yake baragumu la wawindaji linamjibu sauti kwa sauti. Hata kama hujui neno moja la Kitaliano utajua hawa wawili hawaaminiani.

Jambo moja litakushangaza: Kaisari, jenerali, ana sauti nyembamba. Mwimbaji wa kwanza, Senesino, alikuwa mmoja wa wanaume waliohasiwa wakiwa watoto ili sauti isibadilike. Ndiyo, kama tunavyofanya maksai. Italia walifanya hivyo kwa wavulana wengi, wengine wakawa mastaa wakubwa Ulaya nzima, wengi hawakufika popote. Ukatili ule ulishakwisha. Siku hizi nafasi ya Kaisari inaimbwa na wanawake, au na wanaume waliojifunza kuimba kwa sauti ya juu.

SWALI LA KWANZA: NANI ALILIPA?
Hapa ndipo ninapotaka tufike. Mimi naamini muziki wowote unaomhusu mtawala unauulizwa maswali mawili. La kwanza, nani alilipa?

Opera za Handel za miaka ile zilitolewa na kampuni iliyoitwa Royal Academy of Music, iliyoanzishwa mwaka 1719. Iliuza hisa kwa mabwana wakubwa, na Mfalme George wa Kwanza akawa anaichangia pauni 1,000 kila mwaka. Waliokaa viti vya mbele walikuwa watu wenye meli, mashamba na vyeo. Wengi hawakujua Kitaliano vizuri. Walinunua kitabu kidogo mlangoni, Kitaliano upande mmoja, Kiingereza upande wa pili, wakawa wanafuatilia. Kwa hiyo ukijiona mshamba kwa kutoelewa, jua hata wao walikuwa hivyohivyo.

Hela yenyewe ilitoka wapi? Mwanahistoria David Hunter alichimba kumbukumbu za zamani na kuonyesha kwamba Handel mwenyewe, mwaka 1720, alikuwa na hisa kwenye Royal African Company, kampuni iliyokuwa inasafirisha Waafrika kutoka Afrika Magharibi kwenda utumwani. Baadhi ya matajiri waliofadhili opera nao walikuwa na hisa humohumo. Sisemi tusisikilize. Nasema tusikilize tukijua.

Na sisi watu wa mpakani hatuwezi kujifanya hatulijui jambo hili la muziki na ufalme. Hapo jirani Burundi ngoma zilikuwa za mwami, na ngoma kuu, Karyenda, ilikuwa ndiyo alama ya ufalme wenyewe. Ufalme uliondolewa mwaka 1966, ngoma zikabaki, na mwaka 2014 UNESCO ikaziweka kwenye orodha yake ya urithi wa binadamu. Muziki huishi kuliko aliyeulipia.

SWALI LA PILI: HADITHI IMEKATIWA WAPI?
Swali la pili kwangu ndilo zito zaidi. Opera ya Handel inaishia pale Kleopatra anapovishwa taji na Kaisari anashangiliwa. Tamu. Sasa songa mbele miaka mitatu tu: Kaisari anauawa. Songa mbele tena mpaka mwaka 30 KK: Kleopatra anajiua, na Misri inageuka kuwa mali ya Roma. Yule mgeni aliyekuja kama mkombozi alifungua mlango, na nchi ikaondoka.

Handel na mwandishi wake wa maneno, Nicola Haym, hawakudanganya kuhusu mambo hayo. Waliacha tu kuyafikia. Ukitaka mtawala aonekane mzuri huna haja ya kusema uongo. Unakata stori mahali panapokufaa.

Hata kifo cha Ptolemy wamekibadilisha. Kwenye historia alizama mtoni Nile akikimbia vita na jeshi la Kaisari. Kwenye opera anauawa na mtoto wa Pompey kwa kisasi cha familia. Kaisari anabaki na mikono safi.

Wapo waliolishtukia hilo. Mwaka 2005 kule Glyndebourne, Uingereza, mwongozaji David McVicar aliivisha opera hii sare za kikoloni za Waingereza. Nota hazikubadilika, maneno hayakubadilika, lakini ukimwona yule Kaisari anaingia Afrika na askari wake, unajua kabisa ni nani.

MWALIMU ALIANZIA WENGINE WALIPOACHA
Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1963 Nyerere, akiwa Rais tayari, alichapisha tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare kuhusu Julius Caesar. Mwaka 1969 akatoa toleo alilolirekebisha, akaliita Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo 1969 akatoa na Mabepari wa Venisi.

Angalia tofauti. Handel anakata Kaisari akiwa juu. Shakespeare anaanza Kaisari akiwa juu, halafu anamuua katikati ya mchezo, na nusu nzima inayobaki ni vurugu: waliomuua wanasema wamefanya kwa ajili ya uhuru, rafiki wa marehemu anageuza umati kwa hotuba moja, nchi inaingia vitani. Hakuna anayeshinda vizuri.

Na fikiria kipindi chenyewe. Januari 1963 Rais wa Togo, Sylvanus Olympio, aliuawa na wanajeshi. Januari 1964 wanajeshi wetu wenyewe waliasi Dar es Salaam, Mwalimu akalazimika kujificha. Kati ya hapo na hapo, Rais anawapa wananchi wake kitabu kuhusu kuuawa kwa mtawala, kwa lugha wanayoielewa. Wangapi wangethubutu?

Kuna jambo jingine la kumpa kijana wa huku moyo. Kiingereza hakikuwa lugha ya mama ya Nyerere, na Kiswahili pia hakikuwa. Yeye alikuwa Mzanaki. Alifanya kazi ile katikati ya lugha mbili za kujifunza, na bado akaweka mashairi kwenye mizani. Wewe unayeongea Kihangaza au Kishubi nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani, usijione uko nyuma. Handel naye alikuwa hivyohivyo: Mjerumani, Kitaliano cha kazi, Kiingereza cha mtaani.

UFANYEJE
Kama una kifurushi au uko kafe, ingia YouTube, andika Giulio Cesare Handel. Opera nzima ni zaidi ya saa tatu, usijitese. Tafuta wimbo wa Kaisari wenye baragumu, kisha kilio cha Kleopatra kifungoni. Vaa hedifoni. Halafu katafute Juliasi Kaizari, hata nakala iliyochakaa ya mjomba, usome kuanzia pale anapouawa mpaka mwisho. Utakuwa umepata nusu mbili za mtu mmoja.

Na msimu wa kampeni ukifika, wasanii wakipanda jukwaani na nyimbo za kusifu, wewe cheza tu, midundo haina kosa. Ila kichwani beba yale maswali mawili: nani amelipa, na wimbo umekatiwa wapi.

Sasa zamu yenu. Ukipewa nafasi ya kumtungia opera mtawala mmoja wa ukanda wetu huu, kwa Kihangaza, Kishubi au Kiswahili, utamchagua nani, na utaishia wapi? Majibu chini hapo, matusi hapana.

Nawasilisha.