Ekzosi ya Bodaboda: Kuchomelea, Kununua Mpya au Kuiacha Wazi?

Ekzosi ya bodaboda ikianza kunguruma, dereva ana njia tatu: aichomelee, anunue nyingine, au atoe vya ndani vyote bomba libaki wazi. Hiyo ya tatu ndiyo nafuu siku ya kwanza, na ndiyo ninayoipinga.

Vijiweni husemwa kwamba bomba likiwa wazi pikipiki inapumua vizuri, basi inapata nguvu. Ukweli upo, ila nusu. Vali ya moshi ikifunguka, wimbi la msukumo hukimbia ndani ya bomba kwa kasi ya karibu mita 500 kwa sekunde. Likifika mahali bomba linapopanuka, hurudi wimbi la kunyonya, likasaidia kuvuta mchanganyiko mpya wa hewa na petroli kwenye silinda. Lakini sharti liwahi vali ikiwa bado wazi, ndiyo maana urefu na upana wa bomba hupangiwa mzunguko fulani wa injini. Bomba pana lililo wazi hufaa injini inayozungushwa kwa kasi kubwa. Pikipiki ya cc 125 au 150 inayopanda mlima na abiria wawili haifiki huko. Inataka nguvu za mzunguko wa chini, na hizo ndizo zinazopungua.

Kuna pia kabureta. Moshi ukitoka kirahisi na jeti ikabaki ileile, hewa inazidi petroli: plagi inageuka nyeupe, injini inachemka, vali inaweza kuungua. Ukiweka jeti kubwa, pikipiki inakunywa. Ikiongeza nusu lita tu kwa siku, kwa siku 26 za kazi umemwaga lita 13. Zidisha kwa bei ya kituo chako. Na wagonjwa na watoto waliolala kando ya barabara wanateseka bure kwa kelele hiyo.

Kuchomelea kunatosha kama tundu liko kwenye ganda la nje tu. Kabla ya hapo, mwambie fundi akague gasketi pale bomba linaposhikana na silinda. Ikivuja, pikipiki hupiga mafataki unapoachia mafuta, na watu wengi hununua ekzosi nzima kwa kosa la kigasketi cha bei ndogo.

Itikise ekzosi. Ukisikia vyuma vinacheza ndani, usipoteze hela kuchomelea: nunua ya modeli yako, ulinganishe urefu, kipenyo na uzito na ile ya zamani kabla ya kulipa.